Maswali ya Wasomaji: Kibarua wa Msimu Naye ni Mfanyakazi

Toleo hili linajibu barua za waajiri wadogo wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Nimezichagua kwa sababu zinafanana katika jambo moja: kila aliyeandika anaamini kwamba sheria za kazi na za usalama zilitungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa, na kwamba mwenye karakana ya uani au ghala la kukodi hazimhusu mpaka atakapokua. Imani hiyo inawaumiza watu, na majibu yafuatayo yanaeleza ni kwa namna gani.

SWALI: Ndugu mshauri, nina karakana ndogo ya kubangua korosho. Msimu ukifika huwaita akina mama 14 wa mtaani, huwalipa kwa kilo, na korosho zikiisha kila mmoja hurudi shambani kwake. Hivi karibuni mnunuzi mmoja wa kokwa aliniambia kuwa nina makosa mengi kisheria. Mimi siku zote nimeelewa kwamba hawa ni vibarua, si wafanyakazi. Natakiwa kufanya nini hasa? – Mama mbanguaji, Newala

JIBU: Mama, nianze na hilo la vibarua, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haina kundi la watu walioachwa bila ulinzi kwa sababu tu wanaitwa vibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inatoa vigezo vya kumtambua mfanyakazi, na kimojawapo kikitimia, mtu huyo anahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Baadhi ya vigezo hivyo ni kwamba unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vitendea kazi, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Akina mama wako wanaingia asubuhi unapofungua mlango, wanakaa kwenye mashine zako na wanabangua korosho zako kwa kiwango unachokitaka wewe. Sioni kigezo ambacho wamekikosa.

Kwa hiyo kila mmoja anapoanza kazi anatakiwa kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi: jina lake, umri, jinsia na anwani, mahali alipoajiriwa, kazi anayoifanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na jinsi yanavyokokotolewa. Wasioguswa na sharti hili ni wale tu wanaomfanyia mwajiri kazi kwa siku zisizofika 6 katika mwezi. Karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka inatosha, na kwa asiyejua kusoma ni wajibu wako kuhakikisha anaelezwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa, hata kama lugha hiyo ni Kimakonde. Nakala yako uitunze kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Waajiri wengi huiona karatasi hii kama silaha wanayompa mfanyakazi, ilhali mwajiri ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu mgogoro ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na wewe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha kile mlichokubaliana unakuangukia wewe.

Malipo kwa kilo yanaruhusiwa, lakini yasiwe njia ya kushuka chini ya kima cha chini cha sekta yako. Amri ya kima cha chini hutaja viwango vya saa, siku, juma na mwezi, kwa hiyo unaweza kulinganisha wewe mwenyewe: chukua alichopata mama mmoja wa kasi ya kawaida kwa siku nzima, ukiweke kando ya kiwango cha siku.

Liko jingine ambalo karibu kila mbanguaji ninayezungumza naye hulisikia kwa mara ya kwanza. Mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, ingawa hajafikisha miezi 6 kazini, na msimu ukiisha analipwa sehemu ya likizo aliyoichuma kwa hesabu ya mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Aliyefanya kazi siku 78 atadai mshahara wa siku 6. Kwa kuwa unalipa kwa kilo, mshahara wa siku unapatikana kwa kuchukua wastani wa mapato yake ya majuma 13 ya mwisho, au ya kipindi chote alichokuwepo kama ni kifupi zaidi. Hesabu hiyo haiwezekani bila daftari la mahudhurio, basi daftari lifunguliwe siku ya kwanza ya msimu.

Sasa nije kwenye mikono yao, kwa sababu humo ndimo hatari ya kazi yako ilimo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mbanguaji asiyekingwa huanza kwa vidole kuwa vyeusi, kisha ngozi hukauka, hupasuka na kutoka malengelenge, na akijifuta jasho kwa mkono uleule mafuta hayo humfikia usoni na machoni. Wengi hujipaka mafuta ya kula au majivu, wakiamini hiyo ndiyo kinga. Majivu na mafuta hupunguza ukali kidogo, lakini havichukui nafasi ya glavu, ambazo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe mwajiri uzitoe, zifae kwa kazi yenyewe, na uzitunze zikiwa katika hali nzuri.

Utaniambia kwamba ulizinunua na wakazivua. Naamini, na sababu yake si ukaidi. Anayelipwa kwa kilo akivaa glavu nene vidole vinakuwa vizito, kokwa zinavunjika, na jioni anajikuta amepata pungufu kuliko jirani yake aliyebangua mikono mitupu. Mpango wako wa malipo ndio unaomvua glavu. Tafuta glavu za mpira nyembamba zinazomkaa vizuri mkononi, wapeni nafasi ya kuzijaribu kabla hujanunua za wote, badilisha zilizotoboka bila kungoja malalamiko, na upange bei ya kilo kwa kasi ya mtu aliyevaa glavu. Ukifanya hivyo hutahitaji kuwasimamia wazivae. Maji na sabuni ya kunawa viwe karibu na mashine, si nyuma ya nyumba, na chumba cha kuchoma au kuchemshia korosho kiwe na njia ya kutolea moshi na mvuke.

Karakana yenyewe inatakiwa isajiliwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Usajili siku hizi hufanyika kwa njia ya mtandao na ada yake iliondolewa, hivyo gharama haiwezi tena kuwa kisingizio. Kwa kuwa una wafanyakazi zaidi ya wanne, uteue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya miongoni mwao, na ningependa awe mbanguaji mwenyewe badala ya karani, kwa sababu yeye ndiye anayejua mashine ipi ina kisu kilicholegea. Fanya tathmini ya vihatarishi, uwe na sanduku la huduma ya kwanza pamoja na mtu aliyefunzwa kulitumia, na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza na kila baada ya kipindi. Upimaji wa mwanzo unakusaidia hata wewe, maana mama mwenye pumu au ugonjwa wa ngozi anaweza kupangiwa kufungasha badala ya kubangua.

Mwisho, shule zinapofungwa Desemba, karakana nyingi hujaa watoto waliowafuata mama zao, na kidogo kidogo huanza kumenya na kupanga madaraja. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kiwandani wala mahali penye kazi hatarishi, na yule aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Kisingizio kwamba anamsaidia mama yake hakitakubalika mbele ya mkaguzi, na mafuta ya ganda hayachagui ngozi ya mkubwa au ya mdogo. Tengeni sehemu salama ya kuwaweka, mbali na mashine.

SWALI: Nina ghala la mazao Lindi Mjini. Majuma matatu yaliyopita kijana mmoja wa kupakia aliteleza kutoka juu ya shehena ya magunia akavunjika mkono. Nilimlipia hospitali yote, nikampa na pesa ya kujikimu, na akaniandikia kwamba hana madai. Rafiki yangu anasema bado nina deni. Sijawahi kujisajili popote. – Mwenye ghala, Lindi

JIBU: Kumpeleka hospitali na kumlipia ni jambo la utu na ulifanya vyema. Hata hivyo rafiki yako yuko sahihi. Fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini imewekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na si jambo la kumalizwa na watu wawili kwa karatasi iliyosainiwa kando ya kitanda cha wodi, wakati mmoja ana maumivu na mwingine ana hofu. Karatasi hiyo usiitegemee.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 tangu aipate. Wewe umeshachelewa, basi nenda wiki hii. Jisajili, toa taarifa, eleza tarehe na namna ajali ilivyotokea, ambatanisha hati za hospitali na majina ya waliokuwepo. Yatakuwapo malimbikizo ya michango, na pengine adhabu. Lakini kutosajiliwa kwako hakumwondolei kijana haki yake, na kimya chako kinamkatisha muda, kwa sababu naye ana kipindi chake cha miezi 12 cha kuwasilisha madai. Mkono uliovunjika ukiunga vibaya, kijana anayeishi kwa kubeba mizigo anaweza asibebe tena. Fedha za kujikimu ulizompa zitakuwa zimekwisha zamani, wakati Mfuko una mafao ya matibabu, ya ulemavu wa muda yanayolipwa kwa asilimia 70 ya mapato yake kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na ya ulemavu wa kudumu pale daktari anapouthibitisha.

Kuhusu gharama, waajiri wengi hushangaa wanapoisikia. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mapato ya wafanyakazi kwa mwezi, na ulikuwa asilimia 1 kabla ya kupunguzwa. Kwa jumla ya mishahara ya shilingi 3,000,000 ni shilingi 15,000. Yote inatoka mfukoni mwa mwajiri na hairuhusiwi kukatwa kwa mfanyakazi hata senti moja. Usiuchanganye na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ambao jumla yake ni asilimia 20 na ambao mfanyakazi huchangia isiyozidi nusu. Kulipa mmoja si kulipa mwingine.

Kisha urudi ghalani uangalie shehena yenyewe. Magunia ya korosho na ufuta yakipangwa wima mpaka karibu na dari, bila kupishanishwa na bila ngazi ya kupandia, anayepanda hukanyaga magunia yaleyale anayotaka kuyashusha. Weka kikomo cha urefu, pishanisha tabaka, acha njia kati ya shehena na ukuta, na nunua ngazi. OSHA nao wapewe taarifa ya ajali, na usijibu kwamba wapakiaji waliletwa na wakala. Anayemiliki mahali pa kazi ana wajibu kwa kila anayefanya kazi humo, awe amemwajiri yeye au ameletwa na mwingine.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Masasi na mlinzi mmoja. Anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku zote 7. Tumekubaliana hivyo na yeye anaridhika na mshahara. Je, kuna tatizo? – Mwenye nyumba ya wageni

JIBU: Lipo, na makubaliano yenu hayaliondoi, kwa kuwa hakuna anayeweza kukubali kupokea pungufu ya kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, na si zaidi ya 9 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 katika majuma 4, na hulipwa mara moja na nusu. Mlinzi wako anafanya saa 84 kwa juma, na hata ukimpa siku 1 ya mapumziko atabaki na 72, yaani saa 27 za ziada kila juma na 108 kwa majuma manne. Imezidi mara mbili ya kiwango. Aidha anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa saa kwa kila saa anayofanya kazi usiku, ambao kisheria huanza saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi.

Ajiri mlinzi wa pili. Najua biashara ya nyumba za wageni wilayani ni ya msimu, na miezi ya minada ya korosho ikipita vyumba hubaki wazi, lakini mtu asiyelala kwa siku 7 halindi chochote.

SWALI: Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi na karakana ya kuchomelea, Mtwara Mjini. Nia ya kufuata sheria ninayo, ila zinabadilika kila mara na mwanasheria sina uwezo wa kumlipa kila mwezi. Nifuatilieje? – Fundi mfanyabiashara

JIBU: Swali lako ndilo ningependa kila mwajiri ajiulize. Kwanza, achana na vijitabu vya zamani vinavyopita mkono kwa mkono. Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zetu, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na kijitabu cha kabla ya hapo kinaweza kukuelekeza kwenye kifungu kisichokuwa tena pale. Ndiyo maana katika majibu haya sikutaja namba za vifungu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo uliza tafsiri rasmi unapopewa maandishi usiyoyaelewa.

Pili, mabadiliko mengi yana majira yake. Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka, na humo ndimo hubadilishwa viwango vya kodi ya mshahara na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo sasa huwahusu wenye wafanyakazi kuanzia 10. Amri mbili za karibuni za kima cha chini nazo zilianza Januari: iliyotangulia ilianza tarehe 1 Januari 2023, na iliyofuata tarehe 1 Januari 2026. Mwajiri anayekaa na karani wake kila Juni na kila Desemba, akaweka mezani orodha ya mishahara na matangazo mapya, atayakuta mengi kabla hayajamkuta. Yanayobaki ni marekebisho yanayopitishwa na Bunge wakati wowote, kama yale ya mwaka 2025 yaliyomwongezea muda wa likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Hayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa.

Tatu, nenda ofisini kabla hawajaja kwako. Afisa kazi wa mkoa yupo, na OSHA Kanda ya Kusini wako hapohapo Mtwara. Waajiri wengi humwogopa mkaguzi kama askari wa barabarani, kumbe ushauri ni sehemu ya kazi yake, na anayeuliza kwa hiari hupokelewa tofauti na aliyekutwa. Chama cha Waajiri Tanzania hutoa mafunzo kwa wanachama. Msikilize pia kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu mara nyingi yeye huwa wa kwanza kujua sheria ilipobadilika.

Na kila badiliko likikugusa, badilisha maandishi ya wafanyakazi wako. Mshahara, saa au kazi ikibadilika, maelezo ya ajira yarekebishwe na mfanyakazi ajulishwe kwa maandishi. Tamko la haki za wafanyakazi nalo sheria inataka libandikwe mahali panapoonekana. Katika karakana ya kuchomelea lisiwe nyuma ya mitungi ya gesi.

SWALI: Vijana ninaowaajiri kupuliza salfa kwenye mikorosho wanapoteza barakoa na miwani kila mara. Je, naweza kukata bei yake kwenye malipo yao? – Mkulima, Tandahimba

JIBU: Vifaa kinga ni wajibu wako kuvitoa, kwa hiyo bei yake si deni la mfanyakazi. Ukitaka kumdai aliyepoteza kwa uzembe, makato hayawezi kufanyika bila yeye kuelezwa kwa maandishi chanzo cha deni na kiasi chake, kupewa nafasi ya kujitetea na kukubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake. Kabla ya kufika huko, chunguza kwanza kama barakoa hizo zinavalika. Unga wa salfa huwasha macho na koo, kwa hiyo kijana anayebeba mashine ya kupulizia mgongoni hana sababu ya kutaka kufanya kazi bila kinga. Mara nyingi barakoa ya kitambaa huloa jasho mpaka hapumui, naye huivua na kuitundika tawini. Nunua zenye kichujio, toa na za akiba, anzeni kazi alfajiri wakati upepo umetulia, na ziwekwe kwenye sanduku moja linalofungwa shambani badala ya kila mmoja kwenda na yake nyumbani.